Tembo wa Kakese

Mimi nafundisha muziki chuo kikuu, na chombo changu ni tromboni, lile tarumbeta refu lenye bomba la kusukuma na kuvuta. Likizo iliyopita nilikwenda Kakese kuwasalimu wakwe zangu, ambao ndio kwanza wamehamia kijiji kipya cha ujamaa. Onyesho la chuo lilikuwa limekaribia, na sikutaka kumwamsha mama mkwe, kwa hiyo alfajiri nilijipenyeza katikati ya mahindi yao nikaanza kupiga noti za chini, zile nzito zinazomaliza pumzi.

Haukupita muda nikasikia madebe yakigongwa kijijini. Nilifurahi sana. Nikajiambia kumbe watu hawa wana sikio la muziki, wananiitikia. Madebe yalipozidi, nami nikazidisha. Nikalivuta bomba mpaka mwisho, tromboni ikanguruma bonde zima.

Ghafla madebe yakanyamaza. Nilidhani wanangoja wimbo mwingine. Mara mahindi mbele yangu yakatenganishwa na mtutu wa bunduki. Aliyeishika alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori aliyeletwa kulinda mashamba, na nyuma yake wanaume wenye mikuki.

“Tembo yuko wapi?” aliniuliza. “Tumemsikia analia humu humu.”

Mama mkwe akajitokeza na debe lake mkononi, akaitazama tromboni, kisha akanitazama mimi na pajama langu.

“Shusha bunduki, baba,” alisema taratibu. “Hakuna tembo. Huyo ni mkwe wangu.”