Hoho Iliyokatika Kichwa Mbele ya Kanisa

Aibu iliyonipata kanisani kwetu Igurwa, ile Jumapili ya mavuno, naisimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wifi yangu Koku, maana yule huongeza chumvi, na nawaambia mapema: kucheka chekeni, ila majuto sina.

Hoho zangu zilikuwa zinakufa kwa mnyauko, asubuhi mche umesimama, jioni umelala kama kitambaa kilicholowa. Bwana shamba akatufundisha kubebesha: unachukua mche wenye mizizi sugu, unaukata juu, unapachika kichwa cha hoho, unafunga. Akasisitiza, "Hoho ibebesheni kwenye pilipili kali, hizo ni ndugu." Sasa mimi miche ya pilipili kali sikuwa nayo, ila nyanya chungu zilijaa kitaluni, na jirani yangu alikuwa amebebesha nyanya za kawaida kwenye nyanya chungu zikashika vizuri, nikasema kama nyanya imekubali, hoho ina maringo gani? (Sikumuuliza mtu. Nimuulize nani, na mimi najua kila kitu?)

Karibu miche yote ikafa. Mmoja ukabaki, umedumaa, lakini ukazaa hoho moja nono, nikajiona mtaalamu. Basi mavuno yalipofika wenzangu wakabeba mikungu ya ndizi na kahawa, mimi nikabeba mche wangu kwenye ndoo, na kwa kutaka upendeze nikang'oa kijiti kilichouegemeza, nikafungua na ile kamba niliyofungia pale nilipounga. Jamani!

Mwinjilisti akaipokea ndoo, akainyanyua ili wote waone, nami bila kuombwa nikaanza kutangaza: "Huu una miguu ya nyanya chungu na kichwa cha…" Sijamaliza, kichwa kikakatika palepale nilipounga, hoho ikadunda sakafuni ikabingirika hadi miguuni kwa wanakwaya. Kisha nikasikia sauti ya wifi: "Uwii, amemchinja!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwenye akili angerudi kukaa, lakini mimi nikapiga magoti, nikaokota kile kichwa nikakipachika kwa pini ya kitenge changu, kikaanguka, nikakipachika tena, kikaanguka, mpaka mwinjilisti akaniinamia akanong'ona, "Mama Adventina, mwache apumzike."

Hapo nikasimama, magoti yana vumbi, nikawageukia. "Chekeni! Lakini nani humu hoho zake hazijanyauka? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Basi Jumamosi njooni kwangu. Nabebesha upya."

Walikuja sita, na wa kwanza alikuwa wifi, amebeba miche ya pilipili kali kwenye ungo. (Hakuomba radhi, nami sikumdai.) "Haya mtaalamu," akasema, "kata tuone." Tukakata, tukafunga, tukaifunika isipigwe na jua. Mingine tuliiharibu, siwafichi, lakini iliyoshika imeshika kweli, naitikisa kwa mkono wala haitetereki, na juzi wifi amechuma hoho kwangu bila hata kubisha hodi.

Hoho juu ya nyanya chungu sibebeshi tena mpaka naingia kaburini, na bwana shamba akisema jambo nitamsikiliza hadi mwisho. Ila anayengoja niache kujaribu vitu kwa kuogopa kuchekwa, huyo atangoja sana. Mwaka huu napeleka ndoo mbili.