Nilivyoziba Baiskeli Kama Mtumbwi

Mwanangu, hapa nilipofika hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliachia darasa la nne, lakini nenda Kibirizi, uliza mitumbwi ile ya dagaa kaiunda nani. Mingi utatajiwa mimi. Na sikufundishwa na mtu.

Nakumbuka baiskeli yangu ilipoota ufa kwenye bomba la chini la fremu, karibu na usukani. Kesho yake mke wangu, mama Rehema, alikuwa na kiroba cha dagaa cha kupeleka sokoni Kidahwe. Nikapita Rusimbi kwa fundi wa baiskeli, kijana mwenye mdomo.

"Iache, mzee. Nikate hapa, niweke kipande cha bomba ndani, nichomelee. Kesho kutwa uje uchukue."

"Kesho kutwa? Mimi naziba mtumbwi mchana mmoja!"

"Basi kauendeshe huo mtumbwi barabarani."

Waliokuwepo wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonipandisha hasira. Nyumbani nikakata bati, nikalizungushia kwenye ufa, nikatoboa matundu kwenye bomba, nikalikaza kwa skrubu, nikapaka lami juu. Tone la maji lisingepita. Nilijisifu mpaka nikasahau kula.

Asubuhi nikampakia mke wangu nyuma, kiroba amekipakata. Kwenye mteremko akasema, "Baba Rehema, kuna kitu kinalia. Nishushe nitembee."

"Kaa. Hii ni kazi ya mikono yangu."

Bomba likakatika palepale kwenye matundu yangu. Mimi nilichubuka tu. Yeye alivunjika mkono, dagaa wakatapakaa barabarani. Hakunitukana. Alisema, "Okota unachoweza, twende hospitali."

Mwanangu, mtumbwi tunauziba maji yasiingie. Fremu kazi yake ni kubeba, na kila tundu nililotoboa lililiongezea bomba udhaifu. Sisemi usijaribu; nisingejaribu kuunda mitumbwi, leo ningekuwa bado nabeba magunia ya watu. Pancha ziba, cheni kaza, usiogope. Lakini fremu ikipasuka, mpe anayechomelea fremu kila siku, akucheke asikucheke, na umngoje amalize. Na uliyempakia akisema nishushe, mshushe.

Mungu akupe mikono ya kazi, akupe na moyo wa kusikia, akulindie wote unaowabeba. Mimi plasta ya mkono wa mama Rehema, fremu mpya na dagaa waliopotea vilinigharimu shilingi laki mbili, elfu kumi na nne na mia tano.