Masaa Kwenye Kamba

Pale Kabuta, ufukoni mwa ziwa, ukitafuta nyumba ya Hénoc, sema "yule pilote", watakuonyesha kwa kidole, na mutu mumoja hatakosa kucheka. Kazi yake kila siku ni kuendesha bwato la mama yake, lile lenye moteri ya nyuma, kuvusha wachuuzi na samaki ya chumvi kati ya Kabuta na kisiwa cha Chisenga. Lakini usicheke haraka. Huyu kijana ana leseni ya kweli ya kurusha ndeke, ndege yenye mabawa na magurudumu, aliyoipata kwa jasho huko Lusaka. Leo leseni hiyo iko ndani ya valizi, sanduku lake la safari, chini ya kitanda.

Mama yake, Mama Delphine, ni mutu wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Aliolewa upande huu, na mume akafa mapema. Mama alikuwa na mabwato matatu. Mawili aliyauza, yakaenda shule, anavyosema mwenyewe, yakarudi leseni moja.

Sasa sikia maajabu ya dunia. Redio inasema marubani wamekosekana, makampuni yanalia, wazee wamestaafu na vijana wamefuata mishahara ya Uarabuni. Hénoc akasikia, akapiga hodi. Wapi! Kila mulango jibu lilikuwa lile lile: masaa yako ya kurusha ni kidogo, rudi ukiyapata. Yeye alitoka shuleni na masaa mia mbili na kitu. Wao walitaka elfu moja na mia tano. Ukiuliza utayapata wapi kama hakuna anayekupa ndeke, wanakukatia simu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini nani atajaza kibaba akinyimwa hata punje?

Mwanzoni Hénoc alikasirika. Halafu akalia kidogo. Halafu hata kulia kukaisha, roho ikafa ganzi kama mukono uliolaliwa. Vijana wa ufukoni wakimutania, "Pilote, leo unatua wapi?" anajibu "Chisenga," anawasha moteri, anaenda. Hakumuchukia mutu na hakutamani kitu. Alikula kwa sababu chakula kilikuwa mbele yake.

Mwezi wa kumi na moja, ziwa likiwa karibu kufungwa ili samaki wazae, habari ikafika: ndeke ndogo italeta madaktari wa macho Nchelenge, na kapiteni wake, Goodson, ndiye anayechagua marubani wa kampuni yake. Kiti kimoja kiko wazi. Na Hénoc alikuwa amekaa chini muda murefu. Mwaka ukiisha bila kurusha, leseni nayo italala, itabidi arudi shuleni kuanza mitihani upya. Na bwato lililobaki la kupeleka shule ni moja tu, lile lile linalowalisha.

"Vaa shati, tuende," mama akasema.

"Mama, jibu lao nalijua."

"Nimekuuliza jibu? Vaa shati."

Mama alibeba kikapu kimefunikwa kitenge. Hénoc hakuuliza kina nini. Mutu aliyekufa ganzi haulizi.

Kwenye uwanja wa ndeke wa Nchelenge walikuta watu wanafukuza mbuzi. Kapiteni Goodson, mutu mukubwa mwenye macho ya uchovu, alikuwa amefanya kazi Lubumbashi miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Aliitazama leseni mbele na nyuma.

"Masaa ni kidogo, kijana yangu."

"Ndiyo, mukubwa," Hénoc akajibu, akanyoosha mukono kuchukua leseni yake.

"Ngoja kwanza!" Mama Delphine akafunua kikapu, akatoa kamba ya wavu yenye mafundo mengi. "Papa kapiteni, masaa yake njo haya."

Ziwani kwetu mutu hapewi bwato siku moja. Anayejifunza moteri, mwenye bwato anamufungia fundo kila anapovuka na kurudi salama. Kamba ikijaa, watu wa ufuko wanaipitisha mukono kwa mukono, na tangu siku ile anaitwa kapiteni, hakuna wa kumuuliza tena. Tangu Hénoc arudi na valizi lake, mama alikuwa anafunga, kimya kimya, wala hakumuambia. Kamba ilijaza kikapu kizima.

"Fundo moja, kwenda na kurudia," mama akasema. "Mawimbi iko mule, mvua iko mule, na hakuna mutu alikufa. Hesabu!"

Hénoc akatazama mbuzi. Alijua ingepasa kuona haya, lakini hata haya haikuja.

Goodson hakucheka. Aliipitisha kamba kwenye vidole, fundo kwa fundo, kitambo kirefu, madaktari wakimungoja ashushe mizigo yao.

"Mama, kama ingekuwa mi peke yangu, leo angepanda. Tuko na ndeke ingine Ndola, inalala chini tangu mwezi wa saba, hakuna wa kuipandisha. Lakini batu ya asiransi, bale banalipa kama ndeke inaanguka, banasema chini ya yale masaa, apana. Na masaa ya bwato habahesabu."

Mama Delphine akaweka mikono kiunoni. "Acha nisikie muzuri. Ndeke inalala juu ya kukosa pilote. Pilote analala juu ya kukosa ndeke. Na ninyi bote mulisoma?"

"Tulisoma, Mama."

"Aka!"

Goodson akakunja kamba vizuri, akamurudishia kwa mikono miwili. Mchana ndeke ikaondoka. Hénoc aliisindikiza kwa macho. Mukono wake ulijua pale itakapoacha ardhi, roho haikusema kitu. Mama akabeba kikapu chake, wakarudi Kabuta.

Kesho yake Hénoc akaenda Chisenga kama kawaida. Upepo ulikuwa mubaya, wachuuzi wakagombana juu ya nafasi ya magunia. Aliporudi, mama alikuwa amesimama ufukoni na ile kamba. Alikuwa ameanza fundo, lakini upepo ulikuwa unapeperusha ncha, halikukaza.

"Mama, wacha. Habahesabu. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia, mi si kiziwi. Inabakia masaa ngapi?"

Hapo kitu kikamuchoma Hénoc kifuani, mara ya kwanza tangu arudi Kabuta. Kiliuma sana. Alimuhurumia mama yake, na akajihurumia mwenyewe.

"Elfu na kitu, Mama. Inabakia yote."

"Bon," mama akasema. "Kamata hapa, ukaze."

Hénoc akashika ncha ya kamba, akavuta mpaka fundo likakaza.