Mzee Shifflett Aahidi Kuwa Kabati

Verlin Shifflett hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumsikia mtu akisimulia habari za rais bila kumsahihisha. Marais walio hai hawakumshughulisha. Hao aliwapigia kura au aliwanyima, akaenda zake kula. Lakini rais wa enzi za farasi na mishumaa, huyo alikuwa mali yake, na ole wako ukosee jina la mbwa wake.

Mpaka alipostaafu, kazi yake ilikuwa kutengeneza matanuri ya kupasha nyumba joto mjini Waynesboro. Majira yote ya baridi aliyamalizia chini ya nyumba za watu, kalala chali kwenye sakafu ya saruji, tochi mdomoni. Kiangazi kikija, wakati hakuna anayekumbuka kama ana tanuri, alipakia mke na binti kwenye gari kwenda kutazama nyumba za marais. Wenzake walikwenda pwani kuogelea. Huku kwetu Virginia nyumba za marais hazitafutwi. Ukiikosa moja unajigonga kwenye nyingine.

Mkewe, Nadine, alikubali maisha hayo kwa sharti moja: kila nyumba ya rais ilipiwe kwa baa ya kale. Ni zile baa za kando ya barabara ambako zamani wasafiri walilala na kunywesha farasi, na ambako sasa watalii wanapakuliwa chakula cha mchana kwenye sahani za bati na wasichana waliovaa kofia za kitambaa na aproni za kuburura. Kuku wa kukaanga, kunde, mkate wa mahindi, na sahani ikiisha unaongezewa. "Wewe una marais wako," Nadine alikuwa akisema, "mimi nina kuku wangu. Hakuna aliyemwonea mwenzake."

Aliyeonewa ni binti yao, Marcy. Alikua akijua kwamba mwongozaji akishafika chumba cha pili, baba yake atanyoosha mkono na kuuliza swali. Halikuwa swali la mtu anayetaka kujua. Lilikuwa swali ambalo jibu lake analo tayari mfukoni, na alichokitaka ni kumwona mwongozaji akibabaika ili alitoe. Marcy alipofika umri wa kuona haya, alianza kutembea na familia za watu. Alijipenyeza katikati ya watoto wa wageni wengine, akawachekea wazazi wao, akajifanya mtoto wa watu wa Kentucky mpaka mlango wa kutokea.

Sasa Marcy alikuwa mtu mzima, amerudi kwa wazazi wake baada ya ndoa kuvunjika na kiwanda cha mazulia kufungwa mwezi huohuo. Alitafuta kazi kila mahali, akaipata mahali pa mwisho alipotaka: uongozaji wa watalii Alderfield, nyumba ya rais iliyo ng'ambo ya milima. Rais mwenyewe simtaji, ana sanamu za kutosha. Kazi ilikuwa ya majaribio, na jaribio la mwisho lilikuwa Jumamosi: Bi Hallowell, msimamizi wa waongozaji, angefuata nyuma ya kundi la Marcy kutoka mlangoni hadi jikoni, kisha aamue.

"Baba, kesho usije," Marcy alisema Ijumaa jioni mezani.

"Nisije wapi? Mimi nina tiketi ya mwaka mzima."

"Ndiyo maana nakuomba. Waongozaji wote wa pale wanakujua. Wanakuita Mheshimiwa. Wakikuona unashuka garini wanapiga kura nani akuchukue."

Verlin akaonekana kufurahi kidogo. "Mheshimiwa?"

"Si sifa, baba! Mimi pale nimejiandikisha kwa jina la Dunlap, la mume wangu wa zamani, ili wasijue wewe ni wangu. Bi Hallowell akiona siwezi kulishika kundi, kazi sina. Nakwenda Roanoke kwa binamu Doyle, nikapakie maboksi usiku kucha."

"Nitanyamaza."

Nadine alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Wewe? Wewe uliyemsahihisha mchungaji kwenye mazishi ya kaka yako?"

"Alikosea mwaka."

"Maiti yuko pale mbele ya watu, wewe unanyoosha mkono!"

Marcy hakucheka. Kwa kuwa alijua hata akimkataza baba yake atakuja tu na kujificha nyuma ya mti, akasema, "Haya, njoo. Lakini uje kama kabati. Kabati haliulizi, halitikisi kichwa, haliguni."

"Nani anaguna?"

"Unaguna, baba. Mm-hm, hivyo. Watu wote wanageuka."

"Basi nitakuwa kabati," Verlin alisema, na akamaanisha.

Jumamosi walifika mapema. Verlin alivaa shati jeupe, akabandika stika ya kundi kifuani kama watu wote, akasimama nyuma ya mkewe. Kundi lilikuwa la kawaida: kina mama wa kanisa fulani, mume na mke kutoka Ohio waliovaa fulana za kufanana, na nyuma kabisa Bi Hallowell, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyotoa sauti. Marcy alipotokea barazani na kuwakaribisha, sauti ilimtetemeka kidogo. Verlin aliisikia, na moyo ukamuuma, maana alimpenda binti yake kuliko marais wote, ingawa hakuwahi kumwambia hivyo waziwazi.

Ukumbini Marcy aliwaonyesha saa ya ukutani. Akasema rais aliletewa kama zawadi kutoka Ufaransa. Si kweli, rais aliinunua Philadelphia kwa mtu aliyekuwa akihama. Verlin alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda dukani. Masikio yakamwiva. Nadine akamshika mkono wa shati, yeye akatazama dari, na saa ikabaki ya Kifaransa.

Chumba cha kulala kilikuwa kibaya zaidi. Yule mtu wa Ohio alikitazama kitanda kilichozungushiwa kamba, akasema kwa kujiamini, "Watu wa zamani walikuwa wafupi sana. Ona kitanda chao."

Hakuna neno linalomchoma Verlin kama hilo. Alikwisha kulijibu katika nyumba tisa au kumi, mara moja akiwa na futi ya chuma. Rais yule alikuwa mrefu kupita mlango! Sauti ndogo ilimtoka puani, na Nadine akamkanyaga.

"Ni mito na pazia vinavyokifanya kionekane kifupi," Marcy alijibu bila kubabaika. "Kipime na cha kwako nyumbani, utashangaa."

Watu wakacheka vizuri, na mtu wa Ohio akacheka nao. Verlin akamgeukia mkewe, uso umemjaa fahari, akanong'ona, "Umeona?"

"Kabati haliongei," Nadine alimnong'oneza.

Wakashuka jikoni, chini ya nyumba. Hapo Verlin alikuwa hajawahi kufika. Ndiyo, miaka yote ile. Kila mara wenzake waliposhuka, yeye alibaki juu amembana mwongozaji kwa habari za saa, na Nadine akimwita alijibu kwamba vyumba vya chini ameviona vya kutosha katika kazi yake, havina jipya.

Chumba kilikuwa cha matofali, sakafu matofali, mlango mmoja, kidirisha kimoja usawa wa nyasi za nje. Jiko la kuni lilichukua ukuta mzima, na mtu angeweza kusimama ndani yake. Marcy alipofika katikati alikunja mikono, na sauti yake ikawa nyingine. Juu alikuwa akikariri; huku chini alikuwa akisema.

"Hapa alipika Tamar," alisema. "Alikuwa mtumwa wa rais. Aliletwa humu akiwa msichana, akapika mpaka mikono ikamkataa. Wale wageni wote niliowatajia kule juu, majenerali na mabalozi walioandika kusifu meza ya rais, walikula mapishi ya mkono wake. Alikuwa na watoto wawili. Waliuzwa, mmoja kwanza, mwingine baadaye. Na jioni ya siku waliyouzwa, kila mara, chakula kilipelekwa juu kwa wakati."

Mtu wa Ohio alitazama viatu vyake.

Verlin alikuwa akilichunguza jiko. Hakuweza kujizuia, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Aliona dohani inavyopanda ukutani kupeleka joto vyumba vya juu, akaelewa kwa nini miguu ya rais ilikuwa na joto Januari. Akatafuta kwa macho mlango wa chumba kingine. Hakuna. Akatazama kule kona ya kuni, akatazama chini ya ngazi. Alijua rais alilala wapi, na mke wa rais, na mama mkwe alipokuja kutembea. Alijua hata farasi wa rais alilala banda gani. Akaendelea kutafuta.

"Kuna mwenye swali?" Marcy aliuliza, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kumaliza.

Mkono wa Verlin ukapanda.

Nadine aliuvuta chini. Ukapanda tena. Uso wa Marcy uliisha rangi, na kule nyuma Bi Hallowell alisogea hatua moja mbele, maana mkono ule aliujua.

"Ndiyo, bwana," Marcy alisema, kwa sauti ya mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Alilala wapi?"

"Nani?"

"Huyu. Tamar. Natafuta chumba chake, sikioni."

Marcy alimtazama. Kundi zima lilimtazama.

"Hapo hapo uliposimama, baba," alisema.

Huku kwetu mtu hamwiti mzee wa watu baba kwa adabu tu. Baba ni baba. Bi Hallowell aliinua kichwa. Marcy alijua limemponyoka, akabana midomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Verlin hakulisikia. Alikuwa ametazama chini, kwenye matofali. Akasogea upande, akatazama tena, akaona kwamba na hapo ni palepale, chumba chenyewe si kikubwa. Basi akapita katikati ya watu, samahani, samahani, akapanda ngazi akatoka nje, yeye ambaye siku zote hutolewa wa mwisho milango ikifungwa.

Baa ilikuwa mwendo mfupi chini ya kilima. Nadine aliagiza kwa niaba ya wote wawili, akala pia kwa niaba ya wote wawili, maana Verlin aliiacha sahani ipoe. Msichana wa kofia ya kitambaa alikuja na jagi la sharubati ya tufaha na maneno yake ya kila siku, "Bwana msafiri, farasi wako ameshakunywa maji." Mara zote Verlin humweleza kwamba kazi ile ilifanywa na wavulana wa zizini, si wahudumu. Leo alisema, "Asante, binti," na msichana akabaki na jagi mkononi akisubiri yaliyobaki.

"Unaumwa?" Nadine aliuliza.

"Hapana."

"Basi kula. Ulichofanya umeshakifanya."

Marcy aliingia akiwa bado na kitambulisho shingoni. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza, mikono kiunoni, sawasawa na mama yake.

"Kabati!" alisema. "Kabati gani lile?"

"Kazi je?" Nadine aliuliza haraka.

"Nimepata. Naanza Jumatatu. Bi Hallowell ameniuliza kama Mheshimiwa ni baba yangu, nikamwambia ndiyo, nimechoka kuficha. Akasema basi mafunzo nimeshayapata nyumbani, hakuna mtalii atakayenitisha."

Nadine alipiga makofi, watu wa meza ya pili wakageuka. Lakini Marcy hakutabasamu. Alikuwa bado anamtazama baba yake.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Ulikuwa unanitega? Mbele ya msimamizi wangu, siku ya mtihani wangu, uliuliza ili unione nikibabaika, jibu unalo mfukoni kama kawaida yako? Niambie tu. Sitalia."

Verlin aligeuza uma kwenye sahani. Ilimchukua muda, kwa sababu sentensi aliyotakiwa kuisema hakuwa na mazoezi nayo.

"Sikujua," alisema. "Nimeingia nyumba ile hujazaliwa, Marcy. Nimeingia sijui mara ngapi. Sikujua, na sikuwahi kuuliza."

Marcy alivuta kiti akakaa. Alichukua kipande cha mkate wa mahindi kwenye sahani ya baba yake, akakimega, asikile.

"Wale watoto wake," Verlin alisema. "Walikuwa wakiitwa nani?"

"Wa kwanza alikuwa msichana. Alikuwa akiitwa Phoebe."

"Na wa pili?"

"Wa pili hatujui, baba. Hakuna aliyeandika."