Mtu wa Pili Sebuleni kwa Mama

Mama anaishi peke yake Nkoma, kule Mbale, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamwangusha zaidi ya mara moja. Mimi niko Bugembe, karibu na Jinja, natengeneza redio na televisheni. Kuhamia kwangu alikataa. Kamera ya ulinzi nayo akaikataa. "Unataka unione nikivua nguo?" aliniuliza.

Ndipo nikamfungia kamera ya mchezo wa televisheni, ile inayomfuata mchezaji anavyorusha mikono na miguu. Mteja wangu alikuwa ameitupa. Niliiunganisha na kompyuta kuukuu, ikawa inanitumia kwenye simu mistari tu: kichwa, mabega, miguu, kama mtu aliyechorwa kwa vijiti. Sura haionekani. Mtu akilala sakafuni, simu inalia.

Alasiri moja ikalia. Nikaifungua. Mama alikuwa chini, na juu yake kuna mtu wa pili, amepiga magoti, mikono iko shingoni mwa mama.

Nikampigia mama. Simu ikaita hadi ikakatika. Jirani yake ni afande mstaafu wa magereza; nikampigia yeye.

"Afande, kuna mtu anamnyonga mama!"

"Nani?"

"Sijui, sura sioni! Kimbia, afande!"

Hakukata simu. Nilimsikia anahema, mlango ukavunjwa kwa kishindo, kisha mwanamke akapiga yowe. Kwenye kioo cha simu akaingia mtu wa tatu, mkono ameuinua juu. Mistari ikavurugika yote, ikapotea. Nilikaa chini palepale, kati ya televisheni za watu, nikilitaja jina la Mungu, nikiamini mama amekufa.

"Mwanangu," afande akasema hatimaye. "Ni yule mama anayeuza dagaa. Alimkuta mama yako ameanguka, sukari imemshuka, akamwinua kichwa, anampaka asali ndani ya shavu. Na mimi nimempiga fimbo ya bega."

"Mama je?"

"Amefungua macho. Anauliza nani kavunja mlango."

Nilipanda gari la Mbale hapohapo. Nilimkuta mama ameketi mkekani, anamkanda muuza dagaa bega kwa maji ya moto. Nikapiga magoti mbele ya yule mwanamke, nikamwomba radhi.

"Nilidhani ni askari wamekuja kunikamata," alisema. "Nikajiuliza, kosa langu ni nini? Kumshika mgonjwa?"

Nikasimama kuing'oa ile kamera. Mama akanizuia.

"Iache. Ila itie masikio, niweze kukwambia nani yuko hapa."

Nikaiongezea kipaza sauti. Siku hizi muuza dagaa analala chumba cha nyuma, mama mwenyewe alimwomba. Lakini simu yangu ikilia, hata kama ni mteja, naitupa bisibisi kabla sijaitazama.