Samaki wa Maite

Kwa miaka sita Nelda Olivera hakusafiri kwenda popote. Wiki ya Utalii, likizo ya majira ya Pasaka, ilipofika na nusu ya Montevideo ikahamia kwenye mahema na nyama choma za pwani, yeye alibaki chini ya jengo la taasisi ya utafiti, katika chumba cha samaki, akiwalisha viumbe wenye mistari wasiozidi urefu wa kidole cha mtoto. Krismasi alikuwepo, na siku za karnivali pia. Wenzake walimsifu kwa uchapakazi, naye alicheka tu. Hakuna mtu anayemsifu mama kwa kukaa nyumbani kwake na wanawe.

Sababu ilikuwa rafu ya tatu upande wa kushoto. Hapo palikuwa na matangi kumi na mawili, na kila tangi lilikuwa na kikaratasi chenye herufi moja aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: M. Ilikuwa M ya Maite, bintiye.

Maite alizaliwa mdogo mno, nyusi zimeungana juu ya pua, kope ndefu kama za mdoli, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Madaktari walitazamana wao kwa wao. Ilichukua miaka tisa mpaka mmoja akautaja ugonjwa kwa jina, na baba wa mtoto hakuusubiri huo mwaka wa tisa. Wakati huo Nelda alikuwa akiosha matangi ya taasisi, bila habari kwamba ghorofa moja juu ya kichwa chake kulikuwa na mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuchunguza jambo hilohilo.

Mtu huyo alikuwa Profesa Horacio Iriarte. Nelda alipomtajia ugonjwa huo, alimweleza jikoni mwa taasisi, kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, kikizunguka mezani kutoka mkono hadi mkono. Alimwomba uzi wa sufu aliokuwa akifumia, akakata vipande viwili, akavilaza pamoja, akavipitisha ndani ya pete ya funguo zake.

"Tazama, Nelda. Hizi ni kromosomu mbili pacha. Seli kabla ya kugawanyika hunakili kila uzi wake. Zile nakala mbili hushikwa pamoja na pete ya protini, zisipotezane mpaka saa ya kuachana ifike."

"Na Maite hana pete?"

"Angekosa pete asingezaliwa. Hakuna mnyama anayekua bila hizo. Pete anazo. Kuna protini nyingine kazi yake kuzipachika kwenye uzi, na hiyo ndiyo anayo pungufu, kwa sababu jeni yake moja kati ya mbili imeharibika." Akauvuta uzi mmoja kupitia ile pete, kikatokea kitanzi. "Seli zake zinagawanyika vizuri tu. Lakini pete ina kazi ya pili. Huukunja uzi hivi, mahali palipo mbali pakaja karibu na jeni inayotakiwa kuamka. Pete zisipopachikwa za kutosha, jeni nyingi zinaamka kwa uvivu. Kidogo hapa, kidogo pale. Mkono unapungua, moyo unabaki na tundu, uso unatoka na sura yake."

Nelda aliukodolea macho ule uzi. "Kwa hiyo si kitu nilichokula."

"Hukula kitu. Hukunyanyua kitu. Ni herufi moja imekaa vibaya kwenye maandishi marefu mno."

Miaka tisa mama mkwe wake alikuwa akisema ni dawa ya nywele aliyoipaka akiwa mjamzito. Nelda aliokota vile vipande viwili vya uzi, akavitia mfukoni mwa koti la kazi, akatoka haraka ili asilie mbele za watu. Kuanzia siku hiyo, Iriarte angemtuma mwezini angekwenda.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, profesa aliomba damu ya mtoto, mirija miwili. Julai akamwita Nelda rafuni, uso umejaa tabasamu.

"Hawa hapa. Tumewatia badiliko la Maite, herufi ileile. Ila ni wagumu kuwatunza, wanakufa ovyo. Nataka mtu ambaye hatawaacha."

"Umempata," Nelda alisema.

Naye akawa mtu huyo. Jioni aliwaweka dume na jike katika kisanduku kimoja, kizuizi cha plastiki katikati yao wasigusane usiku kucha. Asubuhi taa zikiwaka tu alikiondoa kizuizi, na baada ya dakika chache mayai yalidondoka kupitia wavu hadi chini, wazazi wasije wakayala. Kesho yake moyo ulikuwa ukidunda ndani ya kila yai, mwekundu, mdogo kama nukta. Siku ya tatu alihesabu mapezi. Alikata vipande vya mikia ili wajulikane ni yupi amebeba badiliko na ni yupi hakubeba, na baada ya muda akawa hahitaji majibu ya mashine. Alimjua mbebaji kwa kuogelea kwake.

Jumapili alikuja na Maite. Msichana huyo, mwenye vifaa vya kusikia masikioni, hakuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo aliyatumia bila kupoteza hata moja. Alipanda kigoda, akaweka jicho kwenye hadubini, akatazama mioyo.

"Yangu," alisema.

"Yako," mama yake alijibu. "Hao ni ndugu zako. Wana kile ulicho nacho wewe."

Maite alikuwa mtoto aliyetazamwa na watu wote mitaani na hakuwa ameona hata mmoja wa mfano wake. Siku hiyo aliwaona mia mbili. Alirudi nyumbani akiimba.

Mwaka wa sita Iriarte alipata kazi Ujerumani. Mayai ya M yangesafiri naye, na Nelda, aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa chumba cha samaki, akapewa fomu za forodha azijaze. Moja iliuliza: asili ya ukoo huu wa samaki. Akapanda ghorofani, akatoa faili la kijani kabatini, akakuta barua imebanwa mbele kabisa.

Barua ilitoka maabara ya ng'ambo. Ilisema mayai yametumwa kama zawadi, mia tatu, yenye jeni iliyoharibiwa mahali fulani. Muhuri wa forodha ya Montevideo ulikuwa wa Septemba. Nelda aliusoma mwaka mara tatu. Ilikuwa Septemba ya kabla ya ile Mei. Samaki walikuwa wamekwisha kufika, wakakaa karantini ghorofa ya tatu, miezi minane kabla sindano haijaingia kwenye mkono wa Maite. Hata namba ya badiliko haikuwa yenyewe. Ile ya Maite, iliyoandikwa kwenye majibu ya hospitali, Nelda aliijua kuliko namba ya kitambulisho chake.

Zully, mama wa usafi, alimkuta amekaa sakafuni na faili mapajani.

"Shoga, umeanguka?"

"Soma hapa."

Zully alisoma akisogeza midomo. Alipomaliza akapiga mluzi. "Amekuvika kilemba cha ukoka, huyu. Miaka sita! Na Wiki za Utalii zote hizo ukikataa kuja kwangu Rocha! Nilikuwa nakwambia, mwanaume anayetabasamu kama bango la uchaguzi..."

"Zully, nyamaza kidogo."

"Nimenyamaza. Lakini ukienda kumkabili, nenda na huu ufagio."

Nelda alikwenda mikono mitupu. Iriarte alikuwa akifunga vitabu kwenye maboksi. Aliiona rangi ya faili kabla hajauona uso wa Nelda, akaketi.

"Ulisema ni badiliko la Maite," Nelda alisema.

"Nelda, ni jeni ileile. Pete zilezile. Wanaugua kama anavyougua..."

"Ulisema herufi ileile. Ulisimama pale rafuni ukasema."

Profesa alivua miwani, akaivaa tena. "Ukoo ulikuwa unakufa. Kila niliyemwajiri alikwenda likizo, akarudi akakuta samaki wanaelea wamekufa. Nilihitaji mtu mwenye sababu."

"Ukanipa sababu."

"Nilikusudia kuutengeneza ukoo wa Maite baadaye. Kwa kweli nilikusudia. Mambo yakaingiliana."

"Na damu yake?"

"Ipo kwenye friza."

"Ilipimwa?"

Iriarte alinyoosha mkono akapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangika. "Kazi yako imesaidia watoto wengi kama yeye, Nelda. Hilo si uongo."

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, profesa, ningekuja vilevile," alisema. "Ndiyo maana siwezi kukusamehe."

Alishuka akamaliza kujaza fomu. Aliandika asili ya kweli na mwaka wa kweli. Kisha akabandua vikaratasi kumi na viwili, kimoja baada ya kingine, akawalisha samaki, kwa sababu wao hawakumwambia lolote.

Jumapili asubuhi Maite alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, kofia imevutwa hadi nyusini.

"Twende," alisema.

Nelda alikuwa na uongo mzuri tayari. Samaki wanahamia Ujerumani kusoma, angesema, tukawaage. Maite angefurahi, angewapungia mkono. Maneno yalikuwa ulimini, yamenyooka, matamu, na kwa utamu huo akayatambua. Yalikuwa na sauti ya Iriarte.

Akapiga magoti, akamshika bintiye mikono yote miwili.

"Wale samaki si wako, mwanangu. Hawana kilicho chako. Wana kingine kinachofanana. Tulidhani ni wako."

"Uongo," Maite alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa uongo."

"Mama uongo."

"Mimi nami walinidanganya, Maite. Sikujua. Nilikuambia nilichoambiwa..."

Msichana alivuta mikono yake. Alivua kofia. Akainua mkono wa vidole vitatu, akakitoa kifaa cha kusikia cha sikio la kulia, akakiweka mezani taratibu, kisha cha kushoto, akakilaza kando ya mwenzake. Akakaa kwenye kiti kilichoelekea dirishani, koti bado mwilini, akampa mgongo mama yake, ambaye alikuwa bado anaeleza.