Maman Dinamo na Taa Nyekundu ya Betri

Jina lake la kanisani lilikuwa Épiphanie, lakini mji mzima wa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ulimwita Maman Dinamo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza dinamo za magari, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ichaji betri. Alifundishwa na baba yake huko Bukavu, upande wa Kongo, alikokulia, na aliporudi Rwanda mwaka tisini na nne, baada ya mauaji ya kimbari, alikuja na mume, sanduku la vyombo na mdomo usioogopa mtu. Mimi Nasiri, fundi cherehani, nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Tuligombana kila siku kwa sababu ya masizi yake na vitambaa vyangu vyeupe, na siku aliponyamaza nilijua anaumwa.

Mumewe, Cubaka, alikuwa dereva. Mwaka tisini na saba gari lake lilizimika katikati ya msitu wa Nyungwe, betri imekufa kabisa, na watu wenye silaha waliojificha mle walimfikia kabla ya mtu wa kumvuta. Matanga yalipokwisha Épiphanie hakukaa ndani. Alikwenda kwenye paki ya taksi akaanza kuwafundisha abiria, hata wasiotaka kusikia: kabla hujapanda, chungulia mbele ya dereva. Kuna taa ndogo nyekundu yenye alama ya betri. Ukiiona inawaka na injini inanguruma, ujue dinamo haichaji na gari litakufia njiani. Usipande, tafuta jingine.

Nani asingemsikia mjane yule? Baada ya miezi michache hata bibi wa Giheke aliyekuja mjini kuuza maharagwe alikuwa anainamisha shingo na kukagua taa kama polisi wa barabarani. Mimi niliwacheka, na mimi pia nilichungulia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, vita ya pili ililipuka ng'ambo kule Kongo. Bukavu ikawa haiendeki, tukabaki kufuata bidhaa Butare, yaani kupita msituni. Sheria ilikuwa moja tu: saa kumi na moja jioni kizuizi cha upande wa Kitabi kinafungwa na askari wanaondoka barabarani. Aliyebaki ndani ya msitu, shauri yake.

Siku moja tulipanda Corolla kuukuu ya Ntabaza, kijana mpole mwenye watoto wengi. Épiphanie alikuwa anakwenda kununua waya wa shaba, mimi vitambaa, na Mukansanga, mama mzee wa Nyakabuye, alikuwa anakwenda kwa binti yake. Tulilikuta gari linanguruma tayari. Épiphanie akachungulia, hakuona taa nyekundu, akakaa mbele. Kama yeye ameridhika, mimi ni nani? Nikapanda.

Vizuizi vya njiani vilikula muda wetu mwingi, na ndani ya msitu tukakuta ukungu na mvua. Ntabaza akawasha taa kubwa, akawasha na vifuta kioo. Tukaenda hivyo kwa muda mrefu. Kisha nikaona mwanga wa mbele unageuka wa manjano. Vifuta kioo vikapanda kioo kwa shida, vikakwama katikati. Injini ikakohoa kwenye mteremko, na gari likasimama pembeni, saa kumi imekwisha kupita.

Ntabaza akazungusha ufunguo. Tukasikia mlio mmoja mdogo, basi. Mukansanga akaanza kusali kwa sauti. Mimi niliogopa, nasema wazi, kwa sababu kila mmoja wetu alijua ni msitu gani huu na nani aliyefia humu, na mjane wake alikuwa ameshafungua mlango na kushuka.

Lori la chai likatokea nyuma yetu. Nikasimama barabarani kupunga mikono. Dereva akanikwepa na kuongeza mwendo. Mtu anayesimamisha gari Nyungwe mwaka ule angeweza kuwa na wenzake vichakani, kwa hiyo dereva alikuwa na haki. Nilimlaani hata hivyo.

Épiphanie alikuwa ameinamia injini. Mkanda aliubonyeza kwa dole gumba, umekaza. Vichwa vya betri alivitikisa, vimeshika. Akamwambia Ntabaza afungue ufunguo bila kuwasha, akasogeza bisibisi nyuma ya dinamo. Dinamo ikipata umeme wa kuiamsha hugeuka sumaku, inavuta chuma. Bisibisi haikuvutwa. Akajaribu tena, haikuvutwa.

Kumbe umeme wa kuiamsha dinamo hupita kwanza katika ile taa ndogo nyekundu. Akaja kwenye dashibodi. Injini imezimwa, ufunguo umefunguliwa: taa ya betri ilipaswa kuwaka. Ya mafuta, jirani yake, iliwaka kinyonge. Ya betri, giza. Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akapapasa tundu la taa ile, akalikuta tupu.

"Ile taa uliitosha?" akauliza kwa Kiswahili cha Bukavu, yaani kama aliing'oa.

Ntabaza aliangalia matairi. Kisha akajibu, na sauti yake haikuwa ya ubishi hata kidogo.

"Maman, ilikuwa inawaka kidogo tu. Sasa batu bote banaangalia taa mbele ya kupanda. Bakiiona, banashuka, banaenda kwa mwingine. Ni weye njo ulibafundisha. Batoto bangu batakula nini? Njo nikaitosha, nikaitupa."

Makaa ya dinamo yake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, yalikuwa yamechakaa kidogo, ugonjwa wa kutibiwa mchana mmoja. Taa ilikuwa inasema hivyo. Yeye alipoing'oa, dinamo ikalala kabisa. Jana yake alikwenda Bugarama na kurudi juani, betri ikambeba kwa akiba yake. Leo mvua na ukungu vilikuwa vimeimaliza.

Nilingoja kofi. Nilikuwa na hamu nalo, Mungu anisamehe. Épiphanie alimtazama tu, kisha akalala chali chini ya usukani, kichwa kwenye kanyagio, akang'oa taa inayomulika kipimo cha mwendo, kwani ni ya aina ileile, na kuichomeka katika lile tundu. Bati lilimkata vidole na damu ikamwingia ndani ya mkono wa nguo. Ntabaza akafungua ufunguo. Nyekundu ikawaka, hafifu, lakini ikawaka. Bisibisi safari hii iligandama nyuma ya dinamo.

"Zima kila kitu," akasema. "Mvua, ukungu, sitaki kusikia. Sukumeni."

Tukasukuma, mimi na yeye na Mukansanga aliyevua viatu na kukunja kitenge chake. Betri haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini, ilibaki na cheche tu, na cheche hiyo ilitutosha mara moja, si mara mbili. Gari likashika mteremko, Ntabaza akaachia klachi, injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikanguruma. Tulikimbia nyuma yake tukijikwaa. Nilipoingia, ile taa nyekundu ilikuwa inafifia. Dinamo ilikuwa imeamka.

Ntabaza aliendesha kichwa nje ya dirisha, mvua ikimpiga usoni. Hivyo tukafika Kitabi. Mti wa kizuizi ulikuwa umeshashushwa, na askari alitutukana vizuri kabla ya kuuinua. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Tuliporudi Kamembe, Épiphanie hakufungua karakana. Alikwenda moja kwa moja pakini, mimi nyuma yake. Akasimama kwenye dirisha la gari la kwanza, akamwambia dereva azime injini, kisha afungue ufunguo bila kuwasha. Taa ya betri haikuwaka. La pili, taa ikawaka. La tatu, hapana. La nne, hapana. Madereva waliokuwa wanacheka wakaacha. Alipofika mwisho wa mstari, zaidi ya nusu ya magari yaliyokuwa yanapita msitu ule yalikuwa na tundu tupu, na abiria walikuwa wamekwisha kaa ndani, wametulia, kwa kuwa hawakuona nyekundu.

Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, mbele ya watu wote.

"Cubaka aliuawa na batu ba porini," akasema. "Aba abiria, ni miye njo nilikuwa nabatuma kule."

Akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Kisha dereva mmoja akaingiza mkono mfukoni, akatoa taa yake ndogo, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuitupa, na kuiweka kwenye kiganja cha Maman Dinamo. Mwingine akafuata, na mwingine. Wengi wao walikuwa nazo mifukoni.